Nasadiki ya Pili

Kila Pasaka, kwenye kigango chetu cha Ulyankulu, tulikuwa tunasadiki mara mbili. Mara ya kwanza watu wote kwa pamoja, mara ya pili mtu mmoja. Katekista alisoma maswali ya ahadi za ubatizo, maana Padre alikuwa na vigango vingi na Pasaka moja. Akiuliza kama tunasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi, tulijibu "Nasadiki" kwa nguvu ile ya watu ambao wameacha pilau jikoni. Halafu panakuwa kimya. Katekista anaangalia sakafu, amefumba midomo, kama mtu aliyesikia simu yake ikiita ndani ya nyumba na hakumbuki ameiweka wapi. Kisha, taratibu, anajibu swali alilouliza mwenyewe: "Nasadiki." Ndipo anafungua ukurasa.

Tukiwa watoto tuliigiza hilo nyumbani. Mama akiuliza nani amenawa mikono, mmoja wetu alitazama chini kwa muda mrefu, halafu akasema kwa sauti nzito, "Nimenawa." Mama alicheka, kisha akatukagua mikono.

Namwandika Katekista kwa sababu mwaka jana nilitakiwa kusema neno moja mbele ya watu, na neno hilo sikuwa na hakika nalo. Na niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani. Ukurasa huu nimeuanza mara kumi na moja. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari mjini Tabora, nachapa barua za watu na kutoa nakala. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kumtazama dada aliyenitangulia pale dukani, na alipoondoka nikakaa kwenye kiti chake. Mpaka leo nikimaliza kuchapa barua ya maombi ya kazi ya mtu, naisoma mara tatu, namwita arudi, naisoma tena. Wateja wengine wameacha kuja. Wanasema kwangu barua ni safi lakini nafasi ya kazi inajaa wakati bado nasoma.

Katekista alikuwa mtu wa "nadhani". Alitangaza kwamba usafi wa kanisa ni Jumamosi, nadhani, na nusu ya akina mama wakaja Ijumaa ili wasikosee. Alipofundisha watoto wa komunyo alisema, "Kama sikosei," hata kwa mambo ambayo yameandikwa kitabuni mbele yake. Mwenyekiti wa kigango alimwomba mara kadhaa aache, kwa kuwa wenzetu Wamoraviani wa jirani walikuwa wanatucheka: eti sisi katekista wetu hajui hata siku ya Jumapili ni lini. Katekista alikubali kwamba mwenyekiti ana haki, nadhani.

Lakini nikisema alikuwa mtu wa kusitasita nitakuwa nimemkosea. Ukitaka kuelekezwa njia, ungemtafuta yeye. Wanaume wengine wa Ulyankulu hukuelekeza kwa mkono mzima, nenda tu moja kwa moja, huwezi kupotea, na jioni unajikuta shambani kwa mtu. Yeye alisema, "Nenda mpaka kisimani, hapo nina hakika. Baada ya kisima nimesahau, kwa hiyo pale uliza tena." Hakuna aliyewahi kupotea kwa maelekezo yake. Alipenda kutuambia kwamba wapagazi wa zamani, wale waliobeba mizigo kutoka pwani mpaka Tabora na kuendelea hadi ziwani, hawakuwa na ramani. Walifika kwa sababu kila kijiji waliuliza upya. Halafu anaongeza kwamba hayo yeye hakuyaona.

Alikuwa na mizinga ya nyuki upande wa msitu wa Usinge. Nilimsindikiza mara moja na baba yangu. Aligonga mzinga kwa vidole, akaweka sikio, akatuambia wamo, nadhani, kisha akavaa makoti mawili, soksi mbili na chandarua kichwani. Baba, ambaye hakuwa na nadhani yoyote, alisogelea mzinga na shati lake tu. Tulirudi nyumbani baba akiwa na sura ya mtu mwingine, na Mama Katekista akampaka kitunguu huku akimwambia mumewe, "Ungemwambia tu wamo. Hiyo nadhani yako watu wengine hawaielewi mpaka wavimbe."

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukitilia shaka kabisa, nacho ni treni. Kama ratiba imeandika saa fulani, alikuwa stesheni ya Tabora saa mbili kabla, na hakuna binadamu aliyeweza kumshawishi kwamba imechelewa. Mhudumu wa stesheni alimwambia, abiria walimwambia, ubao ulimwambia. Yeye alisimama karibu na reli na mfuko wake wa karanga, amejiweka sawa, mpaka jioni. Nilimwuliza inakuwaje anaamini ratiba ya treni bila swali wakati hata Jumamosi anaitilia shaka. Akafikiri. Akasema kila mtu anahitaji mahali pamoja pa kupumzika.

Kanisani, chini ya meza ya matangazo, alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye kifuniko. Tuliliita Kopo la Sijui. Lilianza siku ambayo mtoto wa darasa la ubatizo aliuliza Mungu alikuwa anakaa wapi kabla hajaumba mahali. Katekista aliyemtangulia angemjibu kwa fimbo. Huyu alisema, "Sijui. Andika." Tangu siku hiyo, mtu akiwa na swali ambalo Katekista hajui jibu lake, anaandika kwenye kipande cha karatasi na kulitumbukiza, na Padre akija na pikipiki yake, mara moja kwa miezi miwili, kopo linafunguliwa mbele ya watu wote. Hakuna anayesaini jina. Je, nyuki wana roho. Kwa nini mvua inanyesha Usinge na sisi inatupita tukiiangalia. Mume akikoroma, je, ni kasoro ya ndoa. Padre alijibu aliyoyaweza, na yale magumu alisema, "Hili lirudi koponi." Kuna swali moja, la mama mmoja aliyefiwa na mtoto, ambalo lilirudi koponi kila mara kwa miaka. Hakuna aliyelitoa. Katekista alilisoma kila mara kama vile ni jipya.

Sasa nije kwenye jambo langu.

Renatus ni fundi wa pampu za maji. Nilikutana naye dukani. Alikuja kutoa nakala ya cheti, nikamrudisha mara mbili kwa sababu nakala ilikuwa imepinda kidogo, na mara ya tatu akaja bila cheti. Ni mtu mtulivu, mikono yake inanuka grisi na sabuni, anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Alipotaka kunioa aliniambia hana shaka hata chembe. Kila nilipomwuliza, jibu lilikuwa hilohilo, hata chembe. Na mimi, Mungu anisamehe, neno hilo lilinitisha, kwa sababu mimi chembe nilikuwa nazo gunia zima. Si kwamba nilimwona na kasoro. Nilitengeneza orodha kwenye daftari, mazuri upande huu na mabaya upande ule, na upande wa mabaya niliandika tu kwamba anaacha taulo kitandani. Bado nilikuwa siwezi kulala. Niliogopa kwamba mtu anayependa kweli huwa anajua, na mimi sijui, kwa hiyo sipendi, kwa hiyo namdanganya mtu mwema.

Mwaka ule, tumbaku ilipokwisha kuuzwa, kigango chetu kilikuwa na ndoa tatu. Kwa kawaida yetu majina ya wachumba husomwa kanisani Jumapili tatu, na mwenye kujua pingamizi aseme. Tangazo la kwanza lilisomwa nikiwa nimekaa mbele, nikitoka jasho. Wiki ile nikaandika swali la kuweka koponi. Sikutaka mtu atambue mwandiko wangu, kwa hiyo nilifanya kitu nilichokiona cha akili sana: nililichapa. Nilichagua herufi nzuri, nikapanga mistari ikae sawa pande zote mbili, nikakata karatasi kwa rula. *Je, mtu mwenye shaka anaweza kufunga ndoa halali? Tafadhali jibu kwa kirefu.* Jumamosi nikaenda Ulyankulu, nikaingia kanisani peke yangu, nikatumbukiza, nikatoka nikiwa nimefurahi.

Nilikuwa nimerudi mpaka nyumbani, natenga maji ya kuoga, ndipo nikakumbuka kwamba katika kigango kizima mtu mwenye printa ni mimi.

Jumapili ya pili Padre alikuja. Nilikaa karibu na mlango. Katekista alisoma matangazo ya ndoa, jozi zote tatu, kisha akainua kopo, nikaona kwamba halina kitu. Badala yake alishika daftari la shule. Akamweleza Padre kwamba karatasi za safari hii zilikuwa chafuchafu, kwa hiyo ameyanakili maswali yote kwa mkono wake ili yasomeke vizuri. Akampa daftari, Padre akasoma. La pili lilikuwa langu, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa Katekista ulioinama kama mtama wakati wa upepo.

Kanisa likageuka. Wachumba sita tukaangaliana, na ndugu zetu wakatuangalia sisi. Padre akauliza kwa kutania kama mwenye swali yupo.

"Hakusaini, Padre," Katekista akasema.

Padre aliitazama saa yake, alikuwa na kigango kingine cha kwenda. Akasema swali hili linataka nafasi, lirudi koponi.

Nje palikuwa na vurugu ya kimyakimya. Bibi harusi wa jozi ya kwanza alimvuta mchumba wake nyuma ya kanisa akimwuliza kwa nini hakumwambia yeye kwanza. Yule kijana akaapa hakuandika, lakini akaongeza kwamba kweli alikuwa amewaza hivyo kidogo, na hapo ndipo alipoharibu. Jozi ya pili wote wawili waliomba msamaha kwa wakati mmoja. Shangazi yangu alisema enzi zao mtu mwenye shaka aliolewa tu na shaka ikaisha yenyewe kwa kazi za shamba.

Renatus alinikuta kwenye baiskeli yake. Hakucheka.

"Koleta," akasema, "nilidhani Katekista ameniandikia mimi."

Nikamwuliza, na ile "hata chembe" yake je? Akaangalia mikono yake. Akasema aliniona nina hofu, akadhani ninahitaji mtu mmoja asiyekuwa na hofu, basi akajitolea. Tulisimama pale muda mrefu, watu wawili wenye shaka, na kwa mara ya kwanza tangu tuchumbiane nilipumua mpaka chini. Lakini sikumwambia kwamba swali ni langu. Na usiku sikulala vilevile. Kujua kwamba na yeye haoni njia yote hakukuniambia mimi niende au nibaki.

Ijumaa kabla ya tangazo la tatu nilikwenda kwa Katekista kumwomba asilisome. Walikuwa uani wanabambua karanga, yeye na Mama Katekista, kila mmoja na ungo wake.

"Shikamoo, Katekista. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mchapaji," Mama akasema, nami nikajua kwamba hata yeye anajua.

Nilikaa nikabambua nao. Sikuweza kuanza na jambo langu, nikaanza na lile la utotoni. Nikamwuliza kwa nini Pasaka anachelewa kujibu.

"Ninajiuliza kwanza," akasema.

"Na siku ukijiuliza ukakuta hakuna?"

"Nitanyamaza. Mama atanirudisha nyumbani, nitakula, Jumapili nitarudi kujiuliza tena." Akapepeta ungo wake. "Mpaka sasa imekuwepo. Kuna mwaka ilikuwa mbali sana, nikadhani haifiki. Mnakumbuka nilikohoa? Nilikuwa naingoja."

Mama Katekista alisema yeye huo mwaka anaukumbuka, pilau liliungua. Kisha akanisimulia, bila kuombwa, siku alipoposwa. Wanaume wawili walikuwa wamekuja kabla, wote wakamwambia baba yake kwamba wakimkosa watakufa. Akaja huyu, amevaa viatu vya kuazima, akasema mbele ya wazee, "Nadhani nampenda." Baba yake alisimama amtoe nje. Mama Katekista mwenyewe alikuwa jikoni, akacheka mpaka mwiko ukaanguka, wazee wakamsikia.

"Wale waliosema watakufa wapo," akasema. "Mmoja anauza baiskeli Urambo, amenenepa. Na huyu, miaka yote hii, kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje, halafu ananyamaza anasubiri nimjibu. Wewe unamjua mwanaume anayesubiri jibu la hilo?"

Katekista alikuwa anatazama karanga. Masikio yake yalikuwa mekundu, kama masikio ya mtu mweusi yanaweza kuwa mekundu.

Ndipo nikasema. Nikamwomba asisome tangazo la tatu kwa sababu sina hakika.

Akaacha kubambua. "Lile tangazo linasema nini?"

"Linasema Renatus na Koleta wanakusudia kufunga ndoa."

"Halisemi wana hakika?"

"Halisemi."

"Unakusudia?"

Nilijiuliza. Niseme kweli, nilijiuliza mpaka kuku akaiba karanga kwenye ungo wangu na hakuna aliyemfukuza.

"Nakusudia," nikasema.

"Basi nitasoma lililo kweli," akasema. "Hayo mengine sijui. Siku ile watakuuliza wewe, si mimi. Ukikuta hakuna, nyamaza. Mimi nitakuwepo, tutakurudisha nyumbani."

Sikuwahi kuambiwa na mtu kwamba ninaweza kunyamaza. Shuleni, dukani, hata nyumbani, kosa kubwa lilikuwa kutokuwa na jibu.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimelirekebisha gauni mara tano. Renatus aliulizwa kwanza. Akatazama sakafu kidogo, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi, kisha akasema ndiyo. Padre akanigeukia. Akauliza kama ninakubali kumpokea Renatus awe mume wangu, katika taabu na raha, na mengine yote.

Nikatazama chini. Haikuwepo.

Mtoto alikohoa. Nilisikia kiatu cha Renatus kikisogea, kisha kikaacha kusogea. Shangazi yangu alianza kunong'ona sala ya kuomba msaada. Padre akafungua mdomo arudie swali, na nikaona mkono wa Katekista, aliyekuwa pembeni yake ameshika kitabu, ukiinuka kidogo tu, kama unavyomzuia mtu asimwamshe aliyelala. Padre akafunga mdomo. Katekista alikuwa anatazama sakafu ileile ninayoitazama mimi. Na nikiwa hapo sikuwaza orodha yangu wala daftari. Niliwaza yule mtu kando ya baiskeli, anaangalia mikono yake, anasema nilidhani ameniandikia mimi. Nikagundua kwamba nataka kuwa karibu naye siku nyingine atakapokuwa hajui.

"Ndiyo," nikasema.

Vigelegele vya akina shangazi vilitaka kuondoa bati. Havikuwa vya furaha tu, vilikuwa vya watu waliobanwa pumzi.

Mwaka huu tulikwenda Ulyankulu kwa ajili ya Pasaka. Katekista amestaafu; macho yamepungua nguvu, na kigango kimepata kijana mwenye sauti kubwa na saa kubwa. Tulifika Jumamosi. Mama Katekista alitupikia mlenda, akamwuliza Renatus kama bado anaacha taulo kitandani, na Renatus akanigeukia taratibu, kwa kuwa hakuwa anajua kwamba jambo hilo limefika mpaka hapa. Katekista alileta kitabu chake cha sala, akakipapasa, akatoa karatasi iliyokatwa kwa rula. Ilikuwa na doa la asali kwenye kona. Alisema aliitumia kushikia ukurasa, akasahau kunirudishia, na kwamba Padre bado hajajibu.

Renatus aliisoma. Akaisoma tena, akaangalia mistari ilivyokaa sawa pande zote mbili.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine angeandika tafadhali."

Nilimwuliza Katekista niifanyeje. Akasema kopo bado lipo mahali pake, nadhani.

Asubuhi niliitumbukiza koponi kabla watu hawajaingia. Tulikaa nyuma pamoja nao, Katekista kati ya Mama na mimi. Katekista mpya anakimbiza ibada. Alipofika kwenye ahadi za ubatizo alisoma kama mtu anayeita majina. "Mnasadiki kwa Mungu Baba Mwenyezi?" Kanisa zima likajibu. Mimi nikatazama sakafu. Yangu ilichelewa, ilikuja ikiwa nyembamba, nikaisema, na watoto wa benchi la mbele wakageuka kunitazama.

Ya Katekista haikuja.

Kijana aliinua kitabu, tayari kwa swali la pili. Katekista alikuwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, midomo imefumbwa. Nilimtazama Mama Katekista. Hakumgusa wala hakumnong'oneza. Alikuwa ametazama mbele na ameshaishika kanga yake vizuri begani, kama mtu aliye tayari kukaa au kuondoka, lolote litakalokuwa. Kijana kule mbele alitutazama, akaangalia saa yake, na, Mungu ambariki, akangoja.

Katekista akakohoa.

"Nasadiki," akasema.

"Haya," Mama Katekista akamwambia kijana. "Endelea."